Ulikuwa wapi siku ile? Kwa nini msiba mmoja wa taifa unamkaa tofauti babu, mtoto na mjukuu

Kila ikifika siku ya kukumbuka msiba fulani mkubwa, ugomvi ni uleule. Mtu mzima anasimulia siku ile ilivyokuwa, dogo anacheki simu anasema mzee hapo umechanganya saa, mzee anapandisha, "wewe ulikuwepo? mimi nilikuwepo!", na stori inaishia hapo. Dogo anaondoka akijua wazee wanaongeza chumvi, mzee anabaki akijua vijana wa siku hizi hawana uchungu na kitu chochote. Mimi nimeona ubishi huu mara nyingi mpaka nikagundua kwamba hawa watu hata hawabishani, yaani kila mmoja anasema "kumbukumbu" lakini mmoja anamaanisha alichokiona na mwingine anamaanisha kilichoandikwa, na hakuna aliyesimama kidogo kuuliza hilo neno limebeba nini.

Basi tulifungue. Nikisema msiba wa taifa hapa namaanisha tukio baya ambalo linamgusa hata mtu ambaye hakupoteza ndugu wala rafiki: kiongozi kauawa, bomu limelipuka katikati ya mji, ndege imeanguka, watu wameuana. Halafu kuna kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kwako mwenyewe, ulipokuwa umesimama, nani alikwambia, ulivaa nini. Ya pili ni ya pamoja, ile ambayo watu kama kundi wanakubaliana kwamba ndicho kilichotokea na ndiyo maana yake, nayo inaishi kwenye sherehe, minara, vitabu vya shule na stori za nyumbani. Mfaransa mmoja, Maurice Halbwachs, aliandika mwaka 1925 kwamba hata ukikumbuka ukiwa peke yako chumbani bado unakumbuka kwa msaada wa watu, kwa sababu maneno, tarehe na hata kujua kipi ni cha maana umepewa na wenzako. (Halbwachs mwenyewe alikufa mwaka 1945 kwenye kambi ya Wanazi ya Buchenwald, kwa hiyo naye akageuka kuwa sehemu ya msiba ambao wengine inabidi waukumbuke.)

Na neno "kizazi" nalo lina shida yake. Watu wengi wanadhani kizazi ni miaka tu. Mwanasosiolojia Karl Mannheim mwaka 1928 alisema hapana, kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi, kinachowafanya watu kuwa kizazi kimoja ni jambo kubwa kuwakuta wote wakiwa katika umri unaokaribiana, wakati akili bado inajipanga. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa tuanze na kilicho rahisi. Kuna kitu wanasaikolojia wanakiita kumbukumbu ya flashi, kwa maana ya flashi ya kamera: habari nzito inakupiga na papo hapo akili inapiga picha ya kila kitu, mpaka kikombe ulichoshika. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1899 mtafiti anaitwa Colegrove aliwauliza Wamarekani 179 walikuwa wapi waliposikia Rais Lincoln kapigwa risasi, na hapo imepita miaka zaidi ya 30, wakati huo hakuna redio wala TV, habari ilifika kwa telegrafu, yaani ujumbe unaotumwa kwa waya, na kwa mdomo, lakini 127 kati yao walitoa maelezo kamili kabisa, saa ngapi, walikuwa wanafanya nini, nani kawaambia. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili, Brown na Kulik, wakafanya kama hivyo kwa kifo cha Rais Kennedy cha 1963. Waliuliza watu 80, na 79 walikuwa na picha yao. Hapo wataalamu wakashawishika kwamba msiba mkubwa unaprinti kumbukumbu na haifutiki tena.

Unaona shida iko wapi? Walikuwa wanauliza "unakumbuka?", mtu anajibu "nakumbuka", basi wanaandika anakumbuka. Hakuna aliyekuwa na njia ya kucheki kama ndivyo ilivyokuwa.

Njia ilipatikana tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipolipuka sekunde 73 baada ya kuruka na watu wote 7 wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule, kwa hiyo watoto wengi walikuwa madarasani wanaangalia laivu. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi 106 wa chuo kikuu fomu ya maswali: ulisikia wapi, kwa nani, ulikuwa unafanya nini. Akazifungia fomu. Miaka miwili na nusu baadaye, yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawapata 44 kati ya walewale, wakawapa maswali yaleyale.

Chukua mwanafunzi mmoja tu. Fomu yake ya kwanza, iliyoandikwa siku moja baada ya tukio, inasema alikuwa kwenye kipindi cha dini, watu wakaingia wakaanza kuongea, hakuelewa vizuri ila alisikia limelipuka na wanafunzi wa yule mwalimu walikuwa wanaangalia, akasikitika, kipindi kilipoisha akaenda chumbani kwake akaangalia habari kwenye TV. Fomu ya pili, mwandiko wake huohuo, inasema alikuwa amekaa chumbani hosteli na mwenzake wanaangalia TV, mara kikaja kipande cha habari ya dharura, wote wawili wakapigwa na butwaa. Darasa limepotea. Watu walioingia wamepotea. Kilichobaki ni TV, ambayo kweli aliangalia siku ile, ila imesogezwa mbele ikawa ndiyo mwanzo wa stori.

Na hakuwa peke yake. Walipewa alama kati ya 0 na 7 kwa kulinganisha fomu mbili, wastani ukawa chini kidogo ya 3, wanafunzi 11 walipata sifuri kabisa yaani hakuna hata kitu kimoja kilichofanana, na waliopata alama zote walikuwa 3 tu. Lakini ukiwauliza una uhakika kiasi gani, wako juu, zaidi ya 4 kwenye kipimo cha 5. Walipoonyeshwa fomu za zamani kuna waliokubali kwamba huu ni mwandiko wangu kweli, lakini bado hawakukubali kwamba ndivyo ilivyotokea. Mimi hapo ndipo paliponimaliza. Ushahidi upo mkononi, umeuandika wewe, na bado akili inachagua ile stori mpya.

Kwa nini inakuwa hivyo? Fikiria faili kwenye simu. Tulizoea kudhani kumbukumbu ni picha, unaifungua, unaiangalia, unaifunga, ipo vilevile. Kumbe ni kama maandishi ambayo kila ukiyafungua unagusa kidogo, unaongeza neno hapa, unakata pale, halafu inajiseva juu ya ile ya zamani na ya zamani haipo tena. Na msiba wa taifa ndiyo faili linalofunguliwa kuliko yote, sababu linasimuliwa kila mwaka, kila msibani, kila ikitokea ajali nyingine inayofanana, na kila mara unasimulia mbele ya watu ambao nao wana zao, na picha za TV zinapita nyuma yako. Yaani kile ambacho tulidhani kinailinda kumbukumbu, kuisimulia sana, ndicho hichohicho kinachoibadilisha.

Inafika mahali mtu anakumbuka kitu ambacho hakipo duniani. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al, shirika la ndege la Israeli, ilianguka juu ya majengo ya ghorofa Amsterdam, Uholanzi, ikaua watu 43. Hakuna kamera iliyorekodi ndege ikigonga jengo, kilichorekodiwa ni moto na vifusi baadaye. Miezi 10 baadaye watafiti wakiongozwa na Crombag wakawauliza watu, uliona ile video ya ndege ikigonga? Zaidi ya nusu wakasema ndiyo. Waliunganisha picha za moto, maelezo ya watangazaji na akili zao wenyewe, ikatoka video.

George W. Bush, rais wa Marekani wakati ule, naye yalimkuta. Desemba 2001 alisimulia hadharani kwamba asubuhi ya Septemba 11, siku magaidi walipoyagonga majengo pacha ya New York kwa ndege, kabla hajaingia kwenye darasa la shule aliyokuwa ametembelea Florida, aliona kwenye TV ndege ikigonga jengo. Haiwezekani, ndege ya kwanza haikuonyeshwa laivu kwenye TV, video yake ilitoka baadaye. Basi wapenda njama wakarukia hapo hapo, eti kama aliona basi alijua. Wakati jibu la kawaida kabisa ni kwamba aliziona picha zile mara nyingi baadaye kama dunia nzima, na kichwa kikazipanga upya. Kwa hiyo ukisikia mzee kachanganya saa au kasema aliona kitu ambacho alikisikia tu redioni, usiseme anadanganya. Mwongo anajua ukweli halafu anauficha, huyu anakupa alichonacho kichwani kwa moyo mweupe kabisa.

Upande wa pili sasa, maana vijana wakishasoma hayo wanafurahi, wanasema basi stori za wazee ni za kutupa. Hapana bwana, taratibu.

Tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya yale mashambulizi, watafiti Talarico na Rubin waliwauliza wanafunzi 54 mambo mawili: walivyosikia habari, na jambo lolote la kawaida lililowatokea siku zilezile, labda pati au kipindi cha kusoma. Wakawarudia baada ya wiki na miezi. Kumbe kumbukumbu zote mbili zilichakaa kwa kasi ileile. Tofauti ilikuwa kwamba ile ya pati mtu anasema sina uhakika, ile ya msiba anasema naiona hapa mbele ya macho. Utafiti mwingine mkubwa wa msiba huohuo, wa kina William Hirst, ulianza na watu zaidi ya 3,000 ukawafuata mpaka miaka 10, nao ukaonyesha kwamba kusahau kwingi kunatokea mwaka wa kwanza, baada ya hapo stori inatulia, na kosa likishaingia ndani linaelekea kubaki kosa lilelile. Kitu kilichonishangaza zaidi, watu walikumbuka vibaya zaidi walivyojisikia kuliko mahali walipokuwa. Tunadhani uchungu ndio unaobaki, kumbe uchungu wa siku ile tunaupima kwa uchungu wa leo.

Lakini wengi wao hawakukosea kwamba ilitokea, wala kwamba ilibadilisha maisha. Kinachoteleza ni vile vipande vidogo, saa, mahali, nani alianza kusema. Uzito wa siku yenyewe unabaki. Kwa hiyo mzee ni shahidi mbovu wa dakika lakini ni shahidi mzuri sana wa uzito, na sioni kwa nini tunalazimisha amalize kazi zote mbili peke yake wakati kumbukumbu za maandishi zipo.

Tukija kwenye vizazi sasa, ambako ndiko nilikokuwa nataka tufike. Ukimwomba mtu mwenye miaka 60 akutajie mambo yaliyomjenga, mengi yataangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ukichora kwenye grafu inatoka kama nundu ya ng'ombe, mgongo umenyooka, hapo pamevimba, halafu unashuka tena. Hapo ndipo maneno ya Mannheim yanaporudi. Ni kama zege. Likiwa bado uji mtu akikanyaga hakuna alama inayobaki, likishakauka hata gari lipite halichimbiki, lakini kuna yale masaa ya katikati ambayo hata paka akipita unyayo wake unakaa milele. Mwaka 1985 Howard Schuman na Jacqueline Scott waliwauliza Wamarekani zaidi ya 1,400 wataje matukio muhimu ya miaka 50 iliyopita. Kila rika lilielekea kutaja yale yaliyolikuta likiwa kwenye ujana. Na hata walipotaja jambo moja hawakulitaja kwa sababu moja. Waliokuwa watu wazima kwenye Vita vya Pili vya Dunia walizungumzia yaliyowapata wao, nani alikwenda jeshini, maisha yalivyokuwa, na wale wadogo zao ambao vita yao ilikuwa Vietnam, ambayo Marekani haikushinda, ndio waliokuwa wepesi kuiita ile ya zamani vita nzuri, ya ushindi, kwa sababu walikuwa wanaipima na ya kwao. Mjukuu anaukumbuka msiba wa babu kwa rula ya msiba wake mwenyewe.

Umri peke yake hautoshi lakini. Rudi kwa Brown na Kulik, wale watu 80 walikuwa Weusi 40 na Weupe 40. Kwa Kennedy karibu wote walikuwa na picha. Kwa Martin Luther King, mpigania haki za Weusi aliyeuawa 1968, Weusi 30 kati ya 40 walikuwa nayo, Weupe 13. Nchi moja, umri unaokaribiana, TV zilezile. Flashi inawaka pale ambapo jambo linakuhusu, na ndiyo maana nasema ukiona kundi zima halikumbuki msiba ambao kwenu ni jeraha, uliza kwanza kama wao waliwahi kuuhesabu kuwa wa kwao.

Halafu kuna mtoto, huyu anasahaulika sana. Aliyekuwa na miaka miwili haukumbuki msiba hata uapize mbingu, karibu sote hatuna chochote kabla ya miaka mitatu minne. Aliyekuwa na miaka sita anacho kipande, lakini mara nyingi sio cha tukio, ni cha watu wazima: baba kakaa kimya, mama kazima redio, wageni wameingia bila kubisha hodi, watoto wametolewa nje wakacheze. Anakua na hofu ambayo haina picha, na maelezo anakuja kupewa baadaye shuleni. Mimi naona hawa ndio wagumu kuwaelewa kuliko wote, kwa sababu wakisema "nakumbuka" wamechanganya kipande chao kidogo na stori kubwa waliyopewa, na hawana namna ya kujua mshono uko wapi.

Na aliyezaliwa baadaye kabisa? Dhana iliyozoeleka ni kwamba huyu hana lake, akae asikilize. Angalia Rwanda. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994 yakaenda takriban siku 100, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka ule ameshapita miaka 30, ana watoto, na kila tarehe 7 Aprili nchi inaanza maombolezo ya Kwibuka akiwa ndani yake. Hakuona chochote. Lakini kakua kwenye nyumba yenye majina ambayo watu wake hawapo, na maswali ambayo aliambiwa asiulize, na jirani ambaye anasalimiwa kwa namna fulani. Wataalamu wana jina la hali hii, ni kumbukumbu ya baada, ile inayorithiwa kwa stori, picha na ukimya mpaka inakuwa nzito karibu kama ya mwenyewe. Ukimwambia huyo hukuwepo umesema kweli na hujasema kitu. Hakuwepo siku ile, ila matokeo yake amekula nayo sahani moja maisha yake yote.

Jan Assmann, Mjerumani, aliweka kipimo cha kumbukumbu inayobebwa kwa mdomo: miaka 80 mpaka 100, yaani vizazi vitatu au vinne vinavyoweza kukaa pamoja. Ikishapita hapo hakuna tena wa kusema "mimi nilikuwepo", na msiba unahama kutoka kwa watu kwenda kwenye minara, tarehe na vitabu. Aliyeishi Septemba 11 akiwa na miaka 20 bado yupo na atakuwepo sana. Aliyesikia habari za Lincoln kwa mdomo hayupo hata mmoja. Vita vya Pili vya Dunia ndiyo viko kwenye daraja sasa hivi, mashahidi wa mwisho wanaondoka, na ndiyo maana ubishi wa maana ya vita vile umekuwa mkali badala ya kupoa, maana wenye haki ya kumkatiza mtu na kumwambia haikuwa hivyo wanazidi kupungua.

Kuhusu simu sitasema mengi. Watu wanasema saa hii kila kitu kinarekodiwa kwa hiyo kizazi hiki hakitakosea. Sikubaliani. Yule wa Amsterdam alitengeneza video kichwani kutokana na maelezo, wa sasa atakuwa na klipu 50 za watu wengine, kutoka kila kona, na baada ya miaka mitano kumuuliza ulichokiona kwa macho yako ni kipi na ulichokiona kwenye skrini ni kipi itakuwa kazi kwelikweli. Rekodi itatuambia ilikuwaje. Haitatuambia yeye alikuwa wapi.

Neisser mwenyewe, huyohuyo wa zile fomu za Challenger, alikuwa na stori yake. Siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, tarehe 7 Desemba 1941, alikuwa na karibu miaka 13, yuko nyumbani anasikiliza mechi ya besiboli redioni, mechi ikakatizwa kwa tangazo la shambulio, akapanda ngazi mbio kumwambia mama yake. Alikaa na picha hiyo miaka mingi sana bila wasiwasi, mpaka siku moja ikamjia kwamba Desemba hakuna anayetangaza besiboli redioni, ni msimu wa baridi. Akaandika hivyo mwaka 1982, kwamba basi hata mimi nimejidanganya. Miaka michache baadaye watafiti wengine wakachimba ratiba za siku ile wakakuta redioni kulikuwa na mechi kweli, ila ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, na timu zilizokuwa zinacheza zilikuwa Giants na Dodgers, majina yaleyale ya timu za besiboli za New York. Mvulana alisikia majina sahihi, siku sahihi, tangazo sahihi. Alikosea mchezo, na ilibidi watu wengine kabisa wamtafutie.